Wale wafalme wa Notre-Dame sio wa Ufaransa
Watu wengi wakiona picha ya mbele ya kanisa la Notre-Dame pale Paris, ule mstari wa masanamu 28 ya wafalme juu ya milango, wanajua moja kwa moja hao ni wafalme wa Ufaransa. Hapana jamani. Ni wafalme wa Yuda, wa kwenye Biblia, ukoo wa Daudi alikotoka Yesu.

Na hilo kosa liliwagharimu vichwa kabisa. Mwaka 1793, Mapinduzi ya Ufaransa yamepamba moto na mfalme Louis XVI kashachinjwa tangu Januari, wanamapinduzi wakaona haiwezekani hawa wengine wabaki juu pale wanaangalia watu, wakawashusha na kuwakata vichwa, yaani kesi ya watu wengine!

Vichwa vikapotea mpaka 1977, mafundi wanachimba kwenye ua wa jengo moja hapohapo Paris wakakuta 21 vimefukiwa. Siku hizi viko makumbusho ya Cluny. Vingine pua zimeng'oka, ila ukisogea karibu unaona mabaki ya rangi, wekundu mashavuni na mdomoni, kwa hiyo hata ile habari kwamba zamani kanisa lilikuwa mawe matupu bila rangi nayo ni uongo. Walioko juu leo ni wa karne ya 19, enzi za ukarabati wa msanifu majengo Viollet-le-Duc.

Ukiwataka wafalme wa Ufaransa wenyewe nenda kanisa la Saint-Denis, kaskazini ya Paris, makaburi yao yako huko, japo 1793 hiyohiyo yalifukuliwa na mifupa ikatupwa shimoni.