Antena haioni ufa wa mfupa, inaona damu iliyojaa ndani yake

Mpwa wangu alianguka kutoka juu ya mwembe huko Nyakach. Zahanati ya karibu haina eksirei, kwa hiyo alifungwa vibao viwili kwenye muundi, akapakiwa kwenye bodaboda hadi Kisumu, analia kila tuta. Picha ilipotoka, mfupa ulikuwa mzima. Nyama tu ndiyo iliyopondeka. Kazi yangu ni antena, na tangu siku ile natafuta namna ya kumsaidia muuguzi wa zahanati kujibu swali moja: huyu apelekwe mjini au abaki?

Mawimbi ya redio yanayotoka kwenye antena yakiingia mwilini, kinachoamua yatakavyopita au kurudi ni maji hasa. Tabia hiyo hupimwa kwa namba iitwayo pamitiviti. Hewa ni 1. Kwenye masafa ya gigahezi 2.45, yale yanayotumiwa na Wi-Fi, msuli una takriban 53, damu 58, mafuta 5, na ganda gumu la mfupa 11 tu. Mfupa ni mkavu sana ukiulinganisha na nyama inayouzunguka. Ukipasuka, damu huvuja na kujaa kwenye ufa, na pale palipokuwa na 11 sasa pana 58. Tofauti hiyo ya mara tano ndiyo tegemeo langu lote.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Nilinunua mfupa wa mguu wa ng'ombe kwenye bucha moja ya Kondele, nikauzamisha kwenye jelatini yenye maji, sukari na chumvi ili ifanane na msuli (sukari hushusha pamitiviti ya maji, chumvi huongeza kupitisha umeme). Juu yake nikalaza antena bapa ya shaba, upana wake karibu sentimita 4, na kupima mwangwi unaorudi. Mfupa mzima, halafu mfupa niliokata kwa msumeno: kilichobadilika ni kidogo mno. Nilipoujaza mkato ule maji ya chumvi, masafa ambayo antena huitikia yakashuka waziwazi. Nilirudia mpaka usiku ukaingia.

Asikuambie mtu kwamba hii ni picha. Ndani ya msuli, wimbi la masafa hayo lina urefu wa karibu sentimita 2, na ufa unaweza kuwa wa milimita 1. Halina uwezo wa kuuchora. Linaweza tu kuonyesha kwamba kuna kitu kimebadilika hapo. Daktari wa mifupa atahitaji eksirei bado, ili ajue vipande vimekaaje kabla ya kuvirudisha mahali pake. Faida ya antena ni kwamba haichomi, haichani, na mawimbi yake hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Mama mjamzito anaweza kupimwa mara kadhaa bila kupata mionzi ya eksirei.

Ngozi ndiyo inayonisumbua zaidi. Sehemu kubwa ya mwangwi hurudi kutoka hapo, kabla wimbi halijaufikia mfupa. Tundu dogo la hewa chini ya antena linatosha kuharibu kipimo, kwa hiyo napaka jeli kama ile ya altrasaundi. Halafu kuna uvimbe: nyama iliyopondeka nayo hujaa maji, na ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu. Hapo mpango ni kusogeza antena sentimita moja moja kutoka goti hadi kifundo. Uvimbe hubadilisha kipimo polepole, ufa hukibadilisha ghafla mahali pamoja. Kisha ni kulinganisha na mguu wa pili wa mtu huyo huyo.

Kwenye jelatini nimeweza kuvitenganisha hivi viwili. Simgusi mgonjwa yeyote kabla kamati ya maadili ya utafiti haijapitia mpango wangu. Kwa sasa napima miguu yangu mwenyewe, wa kulia kisha wa kushoto, kila asubuhi, nijue kwanza miguu miwili mizima hutofautiana kiasi gani.