Je, wajua kwa nini simu ya kampuni ya Marekani hukubali laini yako lakini hukataa kurutiwa?

Ukipita kwenye vibanda vya simu pale Mwanjelwa, Mbeya, hukosi kukuta Galaxy ya mtumba ambayo ukiiwasha inatangulia kuonyesha nembo ya kampuni ya mtandao ya Marekani: Verizon, AT&T au T-Mobile. Unachomeka laini yako ya Vodacom au Airtel, mtandao unapanda, salio la M-Pesa linaonekana. Muuzaji anasema, "Hii iko wazi, kaka, ilishafunguliwa," na wala hajadanganya. Baadaye mnunuzi, tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kule Iyunga, anaipeleka kwa fundi airuti, yaani apate mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu. Anataka kufuta programu za kampuni zisizofutika, au kuweka toleo jipya la Android ambalo simu hailetewi tena. Fundi anafungua mipangilio, anasoma namba ya modeli, anamrudishia simu yake.

"Hii ni U, dogo. Hairutiki."

Tecno ya mwenzake ilirutiwa jioni moja tu. Sasa kwa nini hii Galaxy igome?

Sababu ni kwamba simu iliyouzwa na kampuni ya mtandao inaweza kuwa na kufuli mbili zisizohusiana kabisa, na kuondoa moja hakuigusi nyingine. Watu wengi wanalipia moja wakiamini wamelipia zote mbili. Kwa maoni yangu mnunuzi ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo kabla hajatoa hela mfukoni, maana ikishatoka hairudi kirahisi.

Kufuli ya kwanza ni ya laini. Kila laini ina namba yake ya utambulisho, na tarakimu 3 za mwanzo zinataja nchi: laini zetu za Tanzania huanza na 640, za Marekani huanza na 310 na namba zinazoifuata. Tarakimu zinazokuja baada ya hapo zinataja kampuni. Simu iliyofungwa husoma namba hiyo na kuilinganisha na orodha iliyohifadhiwa upande wa modemu, sehemu ya simu inayoongea na mtandao. Ikiona laini ni ya kampuni nyingine, inadai namba ya kufungulia. Ukiingiza iliyo sahihi, basi, shughuli imekwisha. Kufuli hii ni ya kibiashara. Mteja wa Marekani hupewa simu kwa bei ndogo au bila kulipa chochote siku ya kwanza, halafu huilipia kidogo kidogo ndani ya mkataba, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa miaka 2, na kampuni haitaki ahame kabla deni halijaisha. Simu za mkopo za hapa kwetu zina wazo hilohilo, ila nyingi hufunga simu nzima pale malipo yanapochelewa.

Kuhusu Verizon kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilipiga mnada masafa ya 700 MHz, na kampuni hiyo ikanunua sehemu kubwa iliyoitwa kundi C kwa karibu dola bilioni 4.7. Masafa hayo yalikuja na sharti: usimzuie mteja kutumia simu yake kwenye mtandao mwingine. Ndiyo maana simu nyingi za 4G za Verizon zilitoka dukani zikiwa tayari ziko wazi upande wa laini, mpaka mwaka 2019 kampuni iliporuhusiwa kuzifunga kwa siku 60 za mwanzo. Kwa hiyo Galaxy yenye nembo ya Verizon kusoma laini yako hapa Mbeya si lazima iwe kazi ya fundi yeyote. Sharti lile lilihusu kuhama mtandao. Halikuilazimisha kampuni kuachia kufuli ya pili.

Kufuli ya pili iko kwenye butiloda, programu ndogo inayouwasha mfumo wa simu, na hapo ndipo kuruti kunapokwama.

Android imejengwa juu ya Linux, na katika Linux kuna mtumiaji mmoja mwenye namba 0 ambaye hazuiliwi kugusa faili lolote. Simu inapouzwa haikupi mtumiaji huyo. Programu unazopakua hupewa kila moja namba yake na eneo lake, na haziruhusiwi kuvuka kwenda kwenye mfumo. Kuruti ni kuipata ile namba 0. Njia iliyoenea siku hizi ni Magisk, programu aliyoianzisha John Wu mwaka 2016: unachukua faili la kuwashia simu, Magisk inajipachika ndani yake, kisha unalirudisha faili hilo kwenye simu. Lakini simu haitakubali kuwaka kwa faili lililoguswa mpaka butiloda iwe imefunguliwa.

Tazama kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Kinachoamka kwanza ni maagizo machache yaliyowekwa ndani ya chipu kiwandani, ambayo hayafutiki wala hayaandikwi upya. Maagizo hayo yanaipakia butiloda, lakini kabla ya kuiruhusu ifanye kazi yanakagua saini yake ya kidijitali. Butiloda ikipita, nayo inakagua saini ya faili la kuwashia. Faili hilo likipita, kiini cha mfumo kinaendelea kukagua sehemu iliyohifadhi Android, kipande kwa kipande, kila kinaposomwa. Google walianza kuleta ukaguzi huo wa mwisho kwenye Android 4.4 mwaka 2013. Kuanzia Android 7, mwaka 2016, ukaguzi ukawa mkali: simu iliyofungwa ikikuta mfumo umechezewa inakataa kuwaka kama kawaida.

Wengi huuliza: kama simu yenyewe inaweza kuikagua saini, kwa nini fundi asiitoe hiyo saini humo ndani ya simu? Ni kwa sababu funguo ni mbili. Ufunguo wa kukagulia uko kwenye simu, wa kusainia umebaki kwa mtengenezaji, na hakuna hesabu inayojulikana ya kuupata huu wa pili kutokana na ule wa kwanza kwa kompyuta tulizonazo. Karani wa benki naye huutambua muhuri wa serikali ya mtaa kwenye barua yako, lakini kuutambua hakumpi yeye muhuri. Na usifikirie kubadilisha ufunguo wa kukagulia ili simu iamini saini yako: alama yake imechomwa kwenye fyuzi ndogo mno ndani ya chipu, na fyuzi ikishaungua hairudi. Kompyuta ya fundi, kebo yake, boksi lake la gharama, hakuna kinachoweza kuirudisha.

Basi zile simu zinazorutiwa zinarutiwaje? Mara nyingi ni kwa sababu mtengenezaji mwenyewe ameacha ruhusa. Nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya taarifa za programu, gonga namba ya toleo mara 7, na utaona ukurasa mpya wa watengenezaji programu. Ndani yake, kwenye Galaxy S9 ya SM-G960F, ile iliyouzwa Ulaya na Afrika, kuna swichi ya kuruhusu butiloda kufunguliwa. Chukua sasa SM-G960U ya Marekani, ufuate hatua zilezile. Swichi haipo. Haijafichwa kwenye menyu nyingine, haipo kabisa. Hata SM-G960U1, ambayo Wamarekani waliinunua bila kampuni yoyote ya mtandao, haina. Pixel inasumbua kwa namna nyingine: ukiinunua kwa Google swichi inafanya kazi, ukiinunua kwa Verizon swichi ipo lakini imefifia, haibonyezeki.

Kampuni za mtandao zina sababu zake, na nyingine zina mashiko. Simu yenye butiloda wazi ni rahisi zaidi kuchezewa na mwizi au mtu wa kati, na mteja aliyeiharibu kwa kuruti huwapigia wao simu ya malalamiko. Lakini upo pia upande wa pesa. Programu zisizofutika zimewekwa kwa faida ya kampuni, na kugawa intaneti kutoka simu kwenda kompyuta kulikuwa kunalipiwa ada ya ziada. Mwaka 2012 Verizon ilikubali kulipa dola milioni 1.25 kumaliza uchunguzi wa tume ya mawasiliano ya Marekani kuhusu kuzuiwa kwa programu zilizowawezesha watu kugawa intaneti bila ada hiyo. Mtu aliyeruti simu yake hangezuilika hivyo.

Sheria nayo haikusaidia kama wengi wanavyodhani. Tangu mwaka 2010 Marekani imeruhusu mtu kuvunja vizuizi vya programu kwenye simu yake mwenyewe, na mwaka 2014 ikapitisha sheria inayomruhusu kufungua kufuli ya laini. Ruhusa hizo zinakuondolea kosa ukifanikiwa. Hazimlazimishi mtengenezaji akupe ufunguo. Nami naona hilo ni pengo kubwa, kwa sababu simu imeshalipiwa, mkataba umekwisha, imevuka bahari mpaka Nyanda za Juu Kusini, na bado aliyeiuza mara ya kwanza ndiye anayeamua mfumo gani uwake ndani yake.

Kuna kipindi watu walizivunja hata hizi. Mwezi Juni 2014 mdukuzi wa Marekani, George Hotz, alitoa programu ya Towelroot, iliyotumia kasoro ndani ya kiini cha Linux, na Galaxy S5 za AT&T na Verizon zikarutika kwa kugusa kitufe kimoja. Watu walikuwa wamechanga zaidi ya dola 18,000 kama zawadi kwa atakayeiweza kazi hiyo. Mwaka 2016 ikafichuliwa kasoro nyingine, Dirty COW, iliyokuwa imekaa ndani ya Linux tangu 2007. Mwaka huohuo lilivuja faili la kuwashia la wahandisi wa Samsung kwa ajili ya Galaxy S7 za Marekani. Faili hilo lilikuwa na saini halali, hivyo simu ikalipokea bila ubishi. Ukitazama mifano yote hii, hakuna aliyeivunja saini. Wawili walipita pembeni yake, wa tatu aliokota kitu kilichokwisha kusainiwa.

Njia hizo zimezibwa kwa masasisho, na kurudi nyuma nako kumezuiwa. Soma namba ya toleo la Samsung, kwa mfano G960USQU7DTA5. Hesabu kutoka mwisho mpaka herufi ya 5, utakuta 7. Hicho ni kizazi cha butiloda, na simu inakihifadhi kwa kuchoma fyuzi nyingine kila kinapopanda. Ukijaribu kuirudisha kwenye toleo la zamani lenye kasoro, la kizazi cha 6 kwa mfano, itakataa. Kila sasisho analobonyeza mteja linaweza kuwa limefunga njia mojawapo, isifunguke tena.

Tecno na Infinix ziko upande mwingine wa hadithi hii. Nyingi hazikupitia mkono wa kampuni ya mtandao, swichi yake ipo, na chipu kadhaa za MediaTek za miaka ya nyuma zina kasoro ndani ya yale maagizo ya kwanza kabisa ya kiwandani, ambayo hayarekebishiki. Iphone zilipatwa na jambo kama hilo mwaka 2019, ilipofichuliwa checkm8, kasoro inayozigusa kuanzia iPhone 4S hadi iPhone X na ambayo Apple hawawezi kuiziba kwenye simu zilizokwisha kuuzwa.

Kwa hiyo ukiwa kaunta, kabla ya kulipa, soma modeli kwanza. Kwa Galaxy, V, A, T au P mwishoni kwenye zile za zamani kama S7, na U au U1 kuanzia S8, zinakwambia simu imetoka Marekani na butiloda yake haina swichi. Ile ya F kama ya S9 itafunguka, ingawa ukifungua data zote zinafutika, na fyuzi ya Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, ikiungua huduma kama Samsung Pay na Secure Folder hazirudi hata ukiweka mfumo wa awali. Programu nyingi za benki nazo hukagua kama simu imechezewa, zikakataa kufunguka. Bonyeza pia *#06#, utume namba ya IMEI kwenda 15090 ujue kama TCRA inaitambua. Simu bandia zilizimwa hapa nchini mwezi Juni 2016. Na fundi akikwambia atabadilisha IMEI ili mambo yaende, chukua simu yako uondoke. Hilo ni kosa la jinai.

Kama unayo tayari hiyo ya U na kinachokukera ni zile programu za kampuni, huhitaji namba 0. Washa ruhusa ya kurekebisha kwa USB kwenye ule ukurasa wa watengenezaji programu, unganisha simu na kompyuta yenye adb, programu ya kuiamuru simu kupitia kebo, andika adb shell pm uninstall --user 0 ukifuatisha jina la kifurushi cha programu unayoichoka (0 ya kwenye amri hii ni mtumiaji wa kwanza wa Android, si ile namba 0 ya Linux). Itatoweka kwenye orodha yako na haitatumia tena bando. Faili lake linabaki kwenye sehemu ya mfumo, kwa hiyo ukiiresti simu nzima, programu hiyo itarudi, nawe utarudia amri ileile.