"Pampu ni bari 3 tu" na dhana nyingine za presha kwenye eksichenja

"Injinia, pampu yetu ni bari 3, eksichenja ni ya bari 10. Hiyo sefti valvu ni ya nini?" Eksichenja ni chombo cha kupasha maji kwa mvuke au maji ya moto bila viwili hivyo kuchanganyika, sefti valvu ni valvu ya usalama inayofunguka yenyewe presha ikizidi, na bari ni kipimo cha presha. Swali hili naulizwa hapa Nairobi kwenye viwanda vya Baba Dogo, naulizwa Lunga Lunga, naulizwa kwenye hoteli za Westlands, na anayeuliza huwa ameshaifuta valvu kwenye bajeti.

Pampu haihusiki hapa. Joto ndilo linalohusika. Fundi anataka kubadilisha gaskiti ya pampu: anafunga maji ya kuingia, anafunga ya kutoka, anaenda kutafuta spana. Mvuke wa upande wa pili ameuacha wazi, au ameuachia valvu ya kudhibiti ambayo kiwanda kizima kinajua inavujisha. Maji yaliyofungiwa yanapata moto, yanataka kutanuka, na hayana pa kwenda. Ukichukulia kwamba bomba halitanuki hata kidogo, maji ya nyuzi 20 hupandisha takriban bari 4 hadi 5 kwa kila nyuzi moja ya joto. Yakifika nyuzi 60, kila nyuzi huleta zaidi ya bari 10. Chuma hutanuka kidogo, kwa hiyo hesabu halisi iko chini ya hapo, lakini zile bari 10 zilizoandikwa kwenye kibao cha eksichenja zinaweza kupitwa kabla spana haijapatikana.

Wala si lazima mtu afunge kitu. Hotelini kuna valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye njia ya maji baridi, na saa nane usiku hakuna mgeni anayefungua bomba. Mfumo umejifunga wenyewe. Asubuhi viungo vya PPR, yaani mabomba ya plastiki ya maji ya moto, vinavuja, na anayelaumiwa ni mwenye duka aliyeyauza. PPR ya daraja la PN20 hubeba bari 20 maji yakiwa ya nyuzi 20. Kwa kazi ya miaka mingi kwenye nyuzi 70, uwezo huo hushuka hadi nusu au chini zaidi. Basi usisome kibao cha eksichenja peke yake. Soma na mabomba yaliyoungwa nayo.

Dawa si ghali. Kwa kutanuka kwa maji peke yake, valvu ndogo ya inchi ¾ mara nyingi inatosha, mradi ikae upande wa eksichenja, kabla ya valvu yoyote ya kufungia. Wengi huiweka ng'ambo ya valvu ya kufungia, ambako haioni presha ya eksichenja ikishafungwa. Kwenye kiwanda kimoja huko Geismar, Louisiana, Marekani, tarehe 13 Juni 2013, eksichenja ya akiba ilikuwa imefungiwa mbali na valvu yake ya usalama, ndani mna propani (gesi) iliyo katika hali ya kimiminika. Maji ya moto yalipofunguliwa ilipasuka ndani ya dakika chache. Wafanyakazi wawili walikufa.

Na hili andikeni ukutani kwa rangi: ukizima, funga cha moto kwanza, ukiwasha, fungua cha baridi kwanza.

"Boila ina sefti valvu yake." Inayo, na inalinda boila. Boila ni bari 10, eksichenja bari 6, katikati pana kipunguza presha, valvu inayoshusha presha ya mvuke. Kikikwama wazi, valvu ya boila haitafunguka, maana kwake bari 10 ni hali ya kawaida. Weka nyingine baada ya kipunguzi, inayoweza kutoa mvuke wote utakaopita kikiwa wazi kabisa.

"Mirija ya ndani ya eksichenja haipasuki." Hupasuka, kwa kutu na kwa mtetemo, na presha ya upande mkubwa huingia upande mdogo. Kama vyombo vyako hupimwa kwa maji kwa mara 1.3 ya presha ya usanifu, upande wa bari 13 unataka mwenzake usiopungua bari 10, maana 10 mara 1.3 ni 13, mabomba yakiwemo. Ukipungua hapo, fanya hesabu ya presha itakayoingia mrija ukipasuka.

"Eksichenja ya sahani, ile ya mabamba yaliyobanwa pamoja, itavuja tu kwenye gaskiti." Itavuja, ndiyo. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo ya nyuzi 110 yakitoka pale sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, usoni pa aliyesimama karibu.

"Sefti valvu inadondosha, zibeni." Nimekuta plagi ya chuma kwenye mdomo wa valvu, imezungushiwa tefloni vizuri kabisa, kazi safi ya fundi stadi. Tazameni geji ya presha kwanza. Ikipanda maji yanapopata moto na kushuka bomba likifunguliwa, mnahitaji tangi la kutanukia. Ikitulia na valvu bado inadondosha, kiti chake kina uchafu: kifunguliwe kisafishwe, au valvu ibadilishwe.