Kukosa ubingwa hakumnyimi mtu tuzo ya mchezaji bora

Kwenye makundi sogozi ya hapa Dodoma, hasa ya vijana wa vyuo, kuna ujumbe usiozeeka: eti katika ligi kuu ya kikapu ya Marekani, tuzo ya mchezaji bora wa msimu hapewi mtu ambaye si bingwa. Si kweli.

Kura za tuzo hiyo hupigwa mechi za kawaida zikiisha, kwa kawaida 82 kwa kila timu, wakati bingwa bado hajajulikana. Walioipata mwaka 1993, 1997, 2001, 2005 na 2006 wote walistaafu bila ubingwa hata mmoja. Chukua orodha ya washindi wa tuzo na ile ya mabingwa, uzilinganishe mwaka kwa mwaka. Bando dogo tu linatosha.

Kinachochanganya watu ni tuzo nyingine, ya mchezaji bora wa fainali, ambayo huenda kwa timu iliyoshinda. Na hata hiyo, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1969, ilichukuliwa na mchezaji wa timu iliyofungwa! Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Aliyekutumia mjibu taratibu, umtajie miaka hiyo mitano.