Mpira umo mikononi, lakini hajadaka: dhana potofu kuhusu udakaji katika NFL

Aliyezoea soka akianza kuangalia futiboli ya Kimarekani huelewa mengi baada ya mechi chache, isipokuwa hili. Mchezaji ameruka, mpira kaukamata juu ya kichwa cha beki, kaanguka nao, uwanja mzima umesimama kushangilia. Refa anapunga mikono: pasi haikukamilika. Usidhani ni ugeni wako tu. Wamarekani waliokua na mchezo huu nao hubishana usiku kucha, na wengi wao hushikilia dhana zilezile.

"Ukishaukamata mpira, umedaka"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Kanuni ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, inadai mambo matatu, tena kwa mfuatano. Kwanza, mpira uwe umedhibitiwa. Pili, miguu yote miwili iguse ndani ya uwanja, au kiungo kingine chochote kisichokuwa kiganja; goti moja, kiwiko au hata kalio linatosha. Tatu, baada ya hayo mawili, mchezaji afanye kitendo cha kimchezo: aukumbatie mpira, apige hatua ya tatu, aunyooshe mbele, au amkwepe mpinzani. Hata asipofanya lolote kati ya hayo, akikaa na mpira kwa muda ambao ungemtosha kufanya, amedaka.

Sharti la tatu ndilo linalochukiwa, na watu huliona kama urasimu wa wanasheria. Lakini litoe uone. Katika mchezo huu, pasi ikianguka chini imekufa. Timu inaanza upya palepale ilipoanzia, imepoteza jaribio moja tu. Ila mpira ukimponyoka mtu ambaye tayari ni wake, huo uko hai, na yeyote anaweza kuuokota akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Sasa mfikirie mdakaji katikati ya uwanja. Mpira unamfika kifuani, mguu wa pili unagusa nyasi, na papo hapo beki anamvaa kwa bega, mpira unaruka. Kama miguu miwili ingetosha, huo ungehesabiwa mpira ulioponyoka, na wapinzani wangefunga kutokana na pasi ambayo maskini hajapata hata nafasi ya kuikumbatia. Shabiki anayedai kanuni iwe "rahisi" angeanza kulia Jumapili ya kwanza timu yake ikifungwa hivyo.

Kwa hiyo refa haangalii mikono tu. Anatafuta sekunde ambayo pasi imekwisha na umiliki umeanza.

"Calvin Johnson na Dez Bryant waliibiwa na marefa"

Tarehe 12 Septemba 2010, Detroit Lions wako nyuma 19-14 dhidi ya Chicago Bears, zimebaki sekunde chache. Calvin Johnson anaruka ndani ya eneo la kufungia, anadaka, miguu miwili inagusa, anakaa chini, anageuka, na mkono ulioshika mpira unakita ardhini. Mpira unabaki pale, yeye anainuka kushangilia. Refa wa karibu alishainua mikono kuashiria tachidauni, yaani bao la pointi sita, kisha ikafutwa. Kanuni ya wakati ule ilisema anayeanguka katika kitendo cha kudaka lazima audhibiti mpira mpaka mwisho wa kuanguka kwake. Johnson hakuudhibiti mpaka mwisho.

Tarehe 11 Januari 2015, katika mchujo uwanjani Lambeau Field, ikawa zamu ya Dez Bryant wa Dallas Cowboys. Alidaka juu ya beki wa Green Bay Packers, akapiga hatua huku akienda chini, akajinyoosha kuelekea mstari wa goli, mpira ukagusa ardhi na kuruka. Uwanjani walimpa. Kocha wa Packers akapinga, video ikaangaliwa, uamuzi ukageuzwa. Packers walishinda 26-21.

Mimi naona wote wawili walidaka, kwa maana ambayo mtoto yeyote angeielewa. Lakini marefa walisoma kilichoandikwa. Ubovu ulikuwa kwenye maandishi, na hasira zikaelekezwa kwa mtu aliyevaa shati la mistari.

"Mpira ukivuka mstari wa goli, yamekwisha"

Yamekwisha kwa mkimbiaji. Aliye na mpira mikononi akigusisha ncha yake tu kwenye hewa iliyo juu ya mstari, ni pointi sita, hata ukimtoka nukta inayofuata. Wapenzi wa raga hushangaa hapa, maana kwao lazima mpira uwekwe chini. Ila mdakaji hawi mkimbiaji mpaka amalize kudaka, na hapo ndipo Jesse James wa Pittsburgh Steelers aliponaswa tarehe 17 Desemba 2017 dhidi ya New England Patriots. Goti lilikuwa chini, mikono ikaupeleka mpira ng'ambo ya mstari, mpira ukatikisika ulipogusa ardhi. Video ikafuta tachidauni zikiwa zimebaki sekunde 28. Muda mfupi baadaye pasi ya Steelers ikadakwa na wapinzani ndani ya eneo la kufungia, wakalala 27-24.

"Mpira ukigusa nyasi, pasi imekufa"

Si lazima. Mchezaji akiwa ameudhibiti, unaweza kugusa ardhi na udakaji ukabaki halali. Bert Emanuel wa Tampa Bay Buccaneers alinyimwa hilo Januari 2000, katika mechi ya kuwania kwenda Super Bowl, fainali ya ligi, waliyofungwa 11-6 na St. Louis Rams, kwa sababu ncha ya mpira iligusa chini. Baada ya hapo kanuni ikafafanuliwa. Na mpira kusogea kidogo mikononi hakumaanishi kuwa umeponyoka.

"Kukanyaga mstari si kutoka nje"

Katika soka mstari ni sehemu ya uwanja. Huku mstari wa pembeni ni nje. Kidole cha kiatu kikiugusa, umetoka.

"Wawili waking'ang'ania mpira, aliyeushika vizuri zaidi ndiye mwenye nao"

Wakiupata kwa pamoja, ni wa timu iliyorusha. Mmoja akiudhibiti kwanza, kisha mwingine akaja kuudandia, ni wa yule wa kwanza. Tofauti hiyo ndogo iliwasha moto tarehe 24 Septemba 2012, Seattle Seahawks walipoishinda Green Bay 14-12 kwa mpira wa mwisho. Marefa wawili walisimama juu ya rundo la wachezaji, kila mmoja akitoa ishara yake. Walikuwa marefa wa muda, kwani wale wa kawaida walikuwa katika mgogoro wa mkataba na ligi. Siku chache baadaye wenyewe wakarudi.

"Kanuni mpya ya 2018 ilimaliza ubishi"

Machi 2018 wamiliki wa timu walipiga kura 32 kwa 0, wakaifuta ile habari ya kuudhibiti mpira mpaka mwisho wa kuanguka. Kwa kanuni hiyo mpya, Bryant na James wana udakaji wao. Hatua nzuri, na ilichelewa mno.

Ila ubishi ulihama tu. Zamani watu waligombania ardhi, sasa wanagombania muda: hiyo ilikuwa hatua ya tatu, au alikuwa bado anatua? Video ya mwendo wa taratibu inazidisha matatizo, maana kitendo cha nusu sekunde kinaonekana kirefu, na mtu aliyegongwa mara tu alipodaka anaonekana kama alikaa na mpira hadi akauchoka. Ukitaka kubishana kwa haki, iangalie mara moja kwa mwendo wake halisi kabla hujaituliza picha.