Ukubwa wa Betri Haukuambii Gari Litafika Wapi

Kila ninapoombwa kulinganisha magari ya umeme yenye nguvu kubwa, swali huja likiwa limeshajibiwa na muulizaji mwenyewe: hili lina betri ya kilowati-saa nyingi kuliko lile, basi ndilo linalokwenda mbali zaidi, sivyo? Sivyo. Kazi yangu ni kuyapima magari haya, na imani hii nimeikuta kwa wanunuzi, kwa wauzaji, na hata kwa waandishi ambao wangepaswa kuwa wameshaiacha. Safari hii naijibu kwa maandishi na kwa kirefu.

Tuchukue mfano usioacha nafasi ya ubishi. Lucid Air Pure ya mwaka 2025 ina betri ya kilowati-saa 84, na kwa kipimo cha EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, hufika kilomita 676 kwa chaji moja. Pikapu ya GMC Hummer EV, iliyotoka kwa mara ya kwanza ikiwa na betri ya zaidi ya kilowati-saa 200, ilitangazwa na watengenezaji wake kuwa huenda takriban kilomita 530. Betri imezidi maradufu, masafa yamepungua kwa karibu kilomita 150. Kwa kila kilowati-saa Lucid hutembea kilomita 8, na Hummer kilomita 2.5 hivi. Wala Hummer hiyo si gari goigoi, kwa sababu hufikia maili 60 kwa saa kwa sekunde 3 hivi.

Watu wakiuona mfano huo husema ni uzito, kisha wanaridhika. Ni kweli kwamba Hummer inazidi tani 4 na Lucid ina tani 2 hivi, lakini sehemu kubwa ya nishati inayotumika kuliongezea mwendo gari zito hurudi betrini pale mota zinapogeuka jenereta wakati dereva anapunguza mwendo. Hewa hairudishi chochote. Nishati inayotumika kuipasua hewa katika kila kilomita hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo gari linalotoka 90 km/h na kufika 130 km/h huwa limeuongeza mzigo huo zaidi ya maradufu, huku nguvu inayohitajika kuushinda ikipanda kwa kipeo cha tatu, yaani mara tatu hivi. Ndiyo maana Lucid waliishusha namba ya upinzani wa hewa ya Air hadi 0.197, na ndiyo maana gari lililoinuka lenye uso bapa haliwezi kuokolewa na betri kubwa, kwa sababu kila kilo ya betri inayoongezwa nayo inabebwa kwa umeme uleule.

Kisha kuna magurudumu, jambo ambalo kwenye vipeperushi huandikwa kwa herufi ndogo. Tesla Model S Plaid yenye magurudumu ya inchi 19 ilipewa na EPA kilomita 637. Ikivishwa ya inchi 21 zikawa 560. Betri ileile, mota zilezile, kilomita 77 zimekwenda kwa ajili ya sura.

Linaloniudhi zaidi ya yote ni kuweka namba za vipimo tofauti katika jedwali moja. Porsche Taycan Turbo S ilipoingia sokoni ilikuwa na hadi kilomita 412 kwa kipimo cha WLTP cha Ulaya na 309 kwa EPA. Ni gari moja. Mzunguko wa WLTP huchukua nusu saa kwa kilomita 23 na ushei, mwendo wake wa wastani ukiwa kama 46.5 km/h pamoja na kusimama, na mwendo wa 130 km/h huguswa kwa muda mfupi tu. EPA nayo huyapunguza matokeo ya maabara kabla ya kuyachapisha, mara nyingi kwa kuyazidisha na 0.7. Kipimo cha CLTC cha China ni chepesi kuliko vyote viwili. Anayeweka gari la CLTC mbele ya gari la EPA kwa sababu namba ni kubwa hajalinganisha magari; amelinganisha maabara.

Mimi hutumia kipimo changu: mwendo wa 120 km/h usiobadilika, barabara ileile kwenda na kurudi, betri ikiwa imeshapata joto. Nina shaka nacho. Huyapendelea mno magari ya chini yenye umbo la tone, humwonea mtu ambaye maisha yake yote ya uendeshaji ni mjini, na hakisemi lolote kuhusu asubuhi ya baridi kali. Bado nakiona ni bora kuliko namba ya kwenye kipeperushi, ila sitamlaumu anayekikataa kwa sababu hizo.

Kuhusu kuchaji nitasema machache. Usitazame kilele. Taycan iliyofanyiwa maboresho mwaka 2024 hupokea hadi kilowati 320, lakini kutoka asilimia 10 hadi 80 huchukua dakika 18 katika betri yenye kilowati-saa 97 zinazotumika, na ukipiga hesabu unapata wastani wa kilowati 226 hivi. Wastani huo ndio unaoamua utasimama muda gani.

Kwa upande wa kasi, ile sekunde 1.99 ya Plaid imenukuliwa hadi imekuwa kama sala. Namba hiyo ni ya kufikia maili 60 kwa saa, yaani 96.6 km/h, na saa yake huanza baada ya gari kusogea futi moja. Kuiweka kando ya namba ya 0 hadi 100 km/h iliyoanza gari likiwa limesimama kabisa ni kosa. Nguvu yenyewe pia ina muda: Taycan Turbo GT hutajwa kuwa na nguvu farasi 1,108, lakini kiwango hicho hudumu sekunde 2 tu, na cha kawaida ni 789. Katika mzunguko wa mashindano wa Nürburgring, Ujerumani, ambako joto la mota na betri huanza kudai haki yake, Plaid ilimaliza kwa dakika 7:25.231 mwaka 2023 na Turbo GT yenye vifaa vya mbio vya Weissach kwa 7:07.55, muda uliotangazwa Januari 2024. Gari linalorudia kazi ngumu bila programu kulikatia nguvu ndilo ninaloliita la kasi.

Teknolojia ya ndani haipimwi kwa ukubwa wa skrini. Hyundai waliweka katika Ioniq 5 N gia za kuigiza, na wengi waliziona kuwa mchezo wa watoto. Mimi naziona zinamrudishia dereva njia ya kuujua mwendo wake bila kuyaondoa macho barabarani. Kwa sababu hiyohiyo naunga mkono uamuzi wa Euro NCAP, shirika linaloyapa magari ya Ulaya nyota za usalama, wa kutaka, kuanzia 2026, indiketa, taa za dharura, waipa, honi na wito wa dharura viwe na vitufe au viwiko vyake kwa gari linalotafuta nyota tano. Ila programu ninayoipa alama nyingi kuliko zote ni ile inayoiandaa betri kwa joto linalofaa kabla ya kufika kituoni. Kabla ya kununua, weka kituo cha kuchajia katika ramani ya gari, endesha kwa nusu saa, kisha tazama betri imefika na joto gani na imeanza kupokea kilowati ngapi.