Shahada ya maendeleo ya watu na taasisi: mwanafunzi anasoma nini hasa?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, wazazi wanaojua kwamba kazi yangu ni kushauri taasisi huanza kuniandikia. Swali ni lilelile: "Hii kozi ya maendeleo ya watu na taasisi si ndiyo ileile ya utumishi?" Hapana, ingawa wahitimu wake wengi utawakuta kwenye ofisi za rasilimali watu. Anayesomea utumishi anafundishwa kuajiri, kupandisha vyeo, kushughulikia nidhamu na kufuata sheria za kazi. Shahada hii inaanzia nyuma zaidi. Kwa nini mtu aliyekuwa mzembe ofisi hii, akihamishiwa ile, anachapa kazi mpaka wenzake wanashangaa?

Mfano wa shahada hii unaofahamika sana uko Nashville, Marekani, katika Chuo cha Peabody. Kilikuwa chuo cha walimu kabla ya kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 1979, na asili hiyo ya ualimu bado inaonekana kwenye masomo yake. Mwanafunzi anasoma namna binadamu anavyokua na kubadilika, mwenendo wa vikundi vidogo, uendeshaji wa taasisi, sera za umma na mbinu za utafiti, kisha anakwenda kufanya kazi kwa vitendo, fildi kama tunavyoiita. Kwetu Tanzania vipande hivi vimegawanyika: anayetaka utawala na rasilimali watu anaelekezwa Mzumbe, anayetaka maendeleo ya jamii anaambiwa aende Tengeru. Vyote ni vyuo vyenye heshima yake, ila kijana inabidi achague upande.

Msingi wa fani umeandikwa na Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani Hitler alipoingia madarakani. Mwaka 1936 alisema kwamba mwenendo wa mtu hutokana na mtu mwenyewe pamoja na mazingira aliyomo. Utasema hilo nani asiyelijua? Ingia basi kwenye kikao cha menejimenti. Mauzo yameshuka: ni huyu. Ripoti imechelewa: ni yule. Mpaka chai inaletwa, kila tatizo limeshapewa jina la mtu.

Kisa ninachopenda kuwafundishia vijana ni cha migodi ya makaa ya mawe Uingereza, kilichoandikwa mwaka 1951 na watafiti Eric Trist na Ken Bamforth. Bamforth mwenyewe aliwahi kuwa mchimbaji. Zamani wachimbaji walifanya kazi kwa vikundi vidogo vya watu waliochaguana wenyewe, na kila kikundi kilifanya kazi yote, kukata makaa, kuyapakia na kuegemeza paa la mgodi lisiwaangukie. Zikaja mashine na mikanda ya kusafirishia makaa. Wahandisi wakawapanga watu 40 hadi 50 kwa zamu tatu, kila zamu na kipande chake: hii inakata, ile inahamisha mkanda, ya mwisho inapakia. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi kabisa.

Chini ya ardhi mambo yalikwenda kombo. Zamu iliyotangulia ikikata vibaya, aliyeumia ni mpakiaji wa zamu iliyofuata, naye hakuwa na wa kumlalamikia kwa kuwa wenzake wameshapanda juu. Watu wakaanza kutoroka kazi, lawama zikawa za zamu kwa zamu, na uzalishaji haukufikia matarajio. Wachimbaji walikuwa walewale na makaa yaleyale. Kilichovunjika ni kile kikundi kidogo kilichokuwa kinabeba hatari pamoja, na hakuna mhandisi aliyekuwa amekihesabu kama sehemu ya mtambo.

Wengi wanaichagua kozi hii wakidhani wameikimbia hesabu. Pole yao. Takwimu zipo, na zisipoulizwa vizuri zinadanganya. Mtafiti Amy Edmondson aliwahi kuchunguza makosa ya utoaji dawa katika hospitali za Marekani, akitazamia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikatoka kinyume: timu nzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi. Maelezo aliyoyatoa mwaka 1996 ni kwamba kwenye timu hizo wauguzi hawakuogopa kusema. Penye ukali, makosa yalifichwa. Mkuu wa idara anayejisifu kuwa kwake hakuna malalamiko, mimi huanza kazi ofisini kwake.

Darasani haya yanaeleweka haraka, kazi ni kuyaona kwa macho. Vijana wanaokuja fildi kwetu ninawakalisha asubuhi nzima mapokezi ya ofisi fulani wakiwa na daftari, na sharti moja: andika unachokiona na kukisikia, hukumu iache. "Mpokezi ana kiburi" nakikata kwa kalamu nyekundu. Ninachotaka ni hiki: mama amefika, mpokezi hakuinua kichwa, simu ya mezani inaita, mlinzi ameleta kitabu cha wageni, mama ameuliza dirisha la malipo liko wapi. Kurasa tatu mbele, dirisha la malipo limeshaulizwa na karibu kila aliyeingia. Kijana aliyekuwa tayari kupendekeza semina ya huduma kwa wateja anaishia kupendekeza kibao mlangoni, na simu ipelekwe masjala.

Kwa hiyo ukitafuta chuo, iwe hapa au nje, usishangazwe na majina ya kozi. Uliza fildi ni ya muda gani, mwalimu anakuja kukutembelea au anapiga simu tu, na ripoti inasomwa na nani. Mwanafunzi anayepelekwa kutoa fotokopi kwa wiki nane hajasoma kitu.

Na kuhusu ajira niseme wazi. Matangazo ya serikali huorodhesha shahada kwa majina, na hili ni jina ambalo mchambuzi wa maombi anaweza kulipita tu. Anayesomea nje apeleke vyeti vyake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) vitambuliwe mapema, tena atunze orodha kamili ya masomo aliyofaulu. Tangazo likisema "au fani inayolingana", orodha hiyo ndiyo itakayomtetea.